Nani Alimwua Nguruwe wa Mama? Habari za Joto la Miili ya Wanyama

Kabla ya kuwaeleza habari za wataalamu wa zamani, nitaanza na jambo moja lililotokea nyumbani kwetu, maana ndilo lililonitia hamu ya kuzitafuta habari hizi.

Nilikuwa kijana wa miaka 17. Mama alikuwa na nguruwe mmoja mnene, aliyemlisha mwaka mzima maganda ya mihogo na majani ya viazi, ili bei yake iwe karo ya mdogo wangu shuleni. Siku ya soko nilichelewa kuamka. Jua lilikuwa limekwisha kupanda nilipomfunga miguu, nikamlaza juu ya ubao nyuma ya baisikeli, nikamzungushia kamba, nikashika njia. Ulikuwa mwendo wa saa nne, na njia yenyewe haina miti. Tulipofika katikati nguruwe alianza kutweta kwa nguvu, na povu likamtoka kinywani. Nikadhani ni ukaidi wake, nikaongeza mwendo. Nilipofika mtoni na kuteremka ili nivuke, nilimkuta amekwisha kufa.

Jioni majirani wakakusanyika. Jeraha hapana, ugonjwa hapana, na asubuhi alikula vizuri. Basi mtu mmoja akakumbuka kwamba juzi yake mama mzee mmoja, jirani yetu, alisimama karibu na zizi akamsifu yule nguruwe kwa unene wake. Neno likapita nyumba kwa nyumba: «Ni jicho lake.» Tangu siku ile watoto walikatazwa kula kwake, wala hakuitwa tena kupanda karanga pamoja na wanawake wenzake. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima. Nami nilinyamaza. Kusema kweli nilifurahi kidogo, maana lawama ilikuwa imeniondokea.

Miaka ikapita. Nilipokuwa seminarini, mwalimu wetu alitufundisha namna kila mnyama anavyolinda joto la mwili wake. Siku ile sikula chakula changu cha jioni. Nilikuwa nimejua ni nani aliyemwua nguruwe wa mama.

Chumba cha moto

Kila mnyama mwenye damu ya moto ana kipimo chake. Mtu ni digrii 37, mbuzi na nguruwe karibu 39, kuku hufika 41 au zaidi. Kipimo hicho kikipanda digrii chache tu na kukaa huko, mwili huharibika. Watu wa zamani hawakuweza kuyajua haya, kwa sababu mkono hauwezi kupima: mwenye baridi huona kila kitu kuwa cha moto, na mwenye homa huona kila kitu kuwa cha baridi. Mwanzoni mwa karne ya 17, mganga wa Italia, Santorio Santorio, alianza kupima joto la wagonjwa kwa chombo cha kioo. Mwaka 1714 Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki, na mwaka 1742 Celsius wa Uswidi akatoa kipimo cha digrii mia, ambacho kikigeuzwa kidogo ndicho tunachotumia sisi.

Walipokwisha kupata chombo, ndipo swali kubwa lilipotokea. Chuma kikiwekwa juani huwa moto kama jua lenyewe linavyokitia. Mbona mtu asimamaye karibu naye hawi hivyo?

Mwaka 1774, mjini London, mganga Charles Blagden na rafiki zake waliamua kujaribu kwa miili yao wenyewe. Mwenzao, mganga George Fordyce, alikuwa ametengeneza vyumba vyenye kutiwa moto kwa majiko. Mmoja wa walioingia ni Joseph Banks, yule aliyeizunguka dunia pamoja na kapiteni Cook. Wakapandisha joto la chumba hata likapita joto la maji yachemkayo, kisha wakaingia. Safari moja Blagden alikaa dakika 8 katika joto la digrii 127 hivi za kipimo chetu. Mle ndani walikuwa wameweka mayai juu ya bamba la bati, yakaiva hata yakawa magumu. Waliweka na nyama ya ng'ombe, ikaiva, ikakauka. Lakini wao wenyewe walitoka wazima, na kipimajoto kilionyesha kwamba joto la miili yao limezidi kidogo tu.

Walimwingiza mbwa pia. Walimtia kikapuni, ili sakafu isimchome nyayo. Alikaa nusu saa, ulimi nje, akihema, kisha akatoka mchangamfu.

Je, nyama ya ng'ombe na nyama ya mtu hai zina tofauti gani? Blagden alijaribu jambo moja dogo lililoeleza mengi. Aliweka maji katika vyombo mle chumbani. Maji yaliyoachwa wazi yalipata moto, lakini hayakuchemka hata baada ya muda mrefu. Alipoyatia mafuta kidogo juu, yakafunikwa, ndipo yalipochemka. Maana yake ni hii: maji yakigeuka mvuke huchukua joto na kwenda nalo, lakini mafuta yakiyaziba, joto halina njia ya kutoka. Jasho la mtu ni maji yaliyoachwa wazi. Likikauka juu ya ngozi huondoka pamoja na joto. Mbwa hana jasho la kutosha mwilini, basi hukausha maji ya ulimi na ya koo lake kwa kuhema upesi upesi.

Hapa tunaelewa pia mbona joto la msituni, mahali penye unyevu, hutulemea kuliko joto la mbugani hata kama kipimajoto kinaonyesha namba ileile. Hewa imekwisha kushiba maji, na jasho letu halina mahali pa kwenda. Linatiririka, lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi.

Moto wa ndani

Lakini joto lenyewe hutoka wapi? Aliyejibu ni Mfaransa Lavoisier, pamoja na mwenzake Laplace. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kwenda 1783 walimtwaa mnyama mdogo, yule tumwitaye dende katika nyumba nyingi za Kivu, na wengine humwita simbilisi. Wakamweka katika chombo kilichozungukwa na barafu pande zote. Wakapima maji ya barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake, wakapima na hewa aliyoitoa kwa pumzi. Kisha wakalinganisha na makaa yanayowaka. Wakaona kwamba kupumua ni kuungua polepole. Chakula ni kuni, pumzi ni upepo wa kuchochea, na mwili ni jiko lisilozimika usiku wala mchana. Lavoisier hakuimaliza kazi yake: alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794, katika machafuko ya nchi yake. Lakini neno lake limebaki.

Basi kila mnyama ana kazi mbili. Kwenye baridi lazima azuie joto lisitoke. Kwenye jua lazima alitoe, la sivyo jiko lake mwenyewe litamchoma. Na vyombo vya kazi hizo ni vile tunavyoviona kila siku bila kuvifikiri: masikio, manyoya, mdomo, miguu, ngozi, hata ukubwa wa mwili wenyewe.

Bonge la bukari

Mwaka 1847 Mjerumani Carl Bergmann aliandika juu ya ukubwa. Alisema kwamba wanyama wa jamaa moja, wale wa nchi za baridi kwa kawaida huwa wakubwa kuliko wale wa nchi za joto. Sababu yake kila mama wa jikoni anaijua. Bonge kubwa la bukari hukaa na moto mpaka mwisho wa chakula. Ukilikata vipande vidogo, vinapoa mara moja. Bukari ni ileile, ila vipande vina upande mwingi wa nje wa kupoteza joto. Vivyo hivyo mnyama mkubwa hutunza joto, na mdogo hulipoteza upesi.

Mwaka 1877 Mmarekani Joel Asaph Allen akaongeza neno la pili. Alisema kwamba katika nchi za baridi masikio, mikia na miguu ya wanyama huwa mifupi, na katika nchi za joto huwa mirefu. Mbweha wa kaskazini, kule kwenye barafu, ana masikio madogo yaliyojificha katika manyoya. Ndugu yake wa jangwa la Sahara, feneki, ni mdogo kuliko paka wengi, lakini ana masikio makubwa mno, utadhani ameyaazima. Masikio ni membamba, na damu hupita karibu na ngozi, kwa hiyo joto hutoka kwa urahisi.

Jina la huyu Allen lina uhusiano na nchi yetu. Kati ya mwaka 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walisafiri katika kaskazini-mashariki ya Kongo wakikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho ya New York. Allen, ambaye wakati ule alikuwa mzee, ni mmoja wa waliowachunguza wanyama wale na kuandika habari zao. Popo wa Kongo, kwa mfano, aliandika juu yao mwaka 1917 pamoja na wasafiri wale wawili.

Lakini msomaji makini atauliza: kama mkubwa hutunza joto, na wa nchi ya jua yafaa awe mdogo, tembo je? Ni mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, naye anaishi kwetu. Swali ni zuri.

Masikio ya tembo

Tembo dume wa mbugani aweza kufika tani 6. Ni bonge la bukari lisilopoa. Tena hana jasho kama letu. Kwa mwili wa namna hii, masikio ndiyo madirisha ya nyumba. Ukitazama sikio la tembo kwa nyuma, utaona mishipa mikubwa imetambaa kama mizizi. Damu ya moto huingia sikioni, hupita karibu na ngozi iliyo nyembamba, hutoa joto, na kurudi mwilini ikiwa imepoa. Mwaka 1971 wataalamu Irven Buss na James Estes waliandika namna tembo anavyoyachezesha masikio yake kwa ajili ya kazi hiyo. Jua likizidi huyapunga. Upepo ukivuma huyatandaza ili upepo upite juu ya mishipa ile.

Hapa Kongo tuna bahati ya kuwa na tembo wa aina mbili. Tembo wa mbugani ana masikio mapana sana. Tembo wa msituni ana mwili mdogo zaidi, na masikio yake ni madogo ya mviringo. Yeye hukaa kivulini, wala hana mwili mkubwa hivyo wa kupoza. Huko Garamba, mahali msitu na mbuga vinapokutana, wamo hata tembo waliochanganyika damu ya aina zote mbili.

Na ile ngozi yake yenye makunyanzi, ambayo watoto huicheka, nayo ina kazi. Mwaka 2018 wataalamu wa Geneva walionyesha kwamba ngozi ya tembo wa mbugani ina nyufa nyembamba zisizohesabika, zinazoshika maji na tope mara 5 mpaka 10 kuliko ngozi laini. Tembo akioga, maji hayamwagiki yote. Yanasambaa ndani ya nyufa, yanakauka polepole, na kumpoza kwa muda mrefu. Asiye na jasho lake hujipaka jasho la mto.

Uongo wa nundu

Kwa karne nyingi wasafiri walisema kwamba ngamia ana pipa la maji ndani ya nundu, au tumboni. Katika miaka ya 1953 na 1954 Knut Schmidt-Nielsen, mtu wa asili ya Norwei, alikwenda na mke wake Bodil na wenzao mpaka Béni Abbès, katika jangwa la Algeria, ili kupima badala ya kusimulia. Nundu ilikuwa mafuta. Pipa la maji halikuwako.

Walichokiona ni cha ajabu zaidi. Ngamia aliyenyimwa maji huacha joto lake lipande mchana kutwa bila kutoa jasho. Alfajiri ana digrii 34 hivi, jioni amepita 40. Usiku baridi ya jangwa inalichukua joto lile bure. Kwa njia hii huokoa lita nyingi za maji ambazo sisi tungezitoa kwa jasho. Walimnyoa ngamia mmoja manyoya yake, wakaona anapoteza maji zaidi kwa nusu kuliko wenzake. Maana manyoya yake ni kama paa la nyasi: huzuia jua lisiingie.

Baadaye C. Richard Taylor, akifanya kazi Kenya katika miaka ya 1960, alimpima choroa, swala mkubwa wa nchi kavu, akakuta joto la mwili wake laweza kupita digrii 45. Joto hilo lingeua ubongo wa mtu. Mbona choroa haanguki? Chini ya ubongo wa wanyama wa namna yake, mshipa wa damu iendayo kichwani hugawanyika kuwa wavu wa mishipa midogo, nao umezungukwa na damu iliyopozwa puani kwa pumzi. Mwaka 1972 Taylor na mwenzake Lyman waliwapima swala wadogo wakiwa mbioni, wakaona ubongo umebaki na joto pungufu karibu digrii 3 kuliko damu ya mwili. Swala apumuapo kwa pua anapoza kichwa chake kwanza.

Hata mdomo wa ndege umo katika habari hizi. Mwaka 2009 Glenn Tattersall na wenzake walionyesha kwamba tukani, ndege wa Amerika ya Kusini mwenye mdomo mkubwa sana, huufungulia damu wakati wa joto na kuifunga wakati wa baridi. Mwaka 2016 wengine wakaona jambo la namna hiyo kwa hondohondo mmoja wa jangwa la Kalahari. Basi tukimwona hondohondo wa kwetu, tusimcheke tena kwa kubeba mdomo mzito.

Na nguruwe

Sasa narudi kwa nguruwe wa mama. Yeye hana masikio ya tembo, hana manyoya ya ngamia. Tezi za jasho katika ngozi yake hazimsaidii kitu, na chini ya ngozi amefunikwa mafuta yanayozuia joto lisitoke. Dawa yake ni moja tu, tope. Sisi humwita mchafu kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 1965 Mwingereza D. L. Ingram alipima, akaona kwamba nguruwe aliyepakwa tope huendelea kupoa kwa muda mrefu kuliko yule aliyemwagiwa maji matupu, kwa sababu maji hukauka upesi na tope hukauka polepole. Nguruwe anajua asichokijua anayemcheka.

Na mimi nilifanya nini? Nilimfunga asiweze kwenda kivulini. Nilimlaza juani saa za mchana. Nilimnyima maji na tope. Alipohema ili ajiokoe, nilimwona mkaidi. Hakuna jicho la mtu lililohitajika hapo.

Wasomaji, mnaofuga, yashikeni haya machache. Nguruwe asafirishwe kabla ya mapambazuko au jioni. Afunikwe majani mabichi, na njiani amwagiwe maji mara kwa mara. Zizi lake liwe na kivuli na shimo la tope. Mbuzi na kuku wasifungwe juani siku ya soko. Mnyama akianza kutweta mdomo wazi, hiyo si hasira wala uchawi. Ni mwili unaotafuta njia ya kutoa joto, na muda uliobaki ni mfupi.

Nilipomaliza masomo yangu nikarudi kijijini. Yule mama mzee alikuwa angali hai, amekaa peke yake mlangoni akipepeta maharagwe. Nikaketi chini mbele yake, nikamweleza yote: mbwa wa London, dende katika barafu, tembo na masikio yake, mpaka nikafika kwa ubao wa baisikeli na jua la siku ile. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, huku mikono yake ikiendelea na kazi.

«Mwanangu,» akasema, «siku ile nilikuona ukipita na jua juu ya kichwa, nikasema moyoni, nguruwe huyu hatafika. Lakini baada ya kufa kwake, nani angenisikiliza?»

Jumapili iliyofuata niliwaeleza watu wote wa kijiji habari hiyo, na sehemu yangu ndani yake. Haikuwa rahisi. Msimu ule wa karanga, wanawake watatu walikwenda kumwita.